Uso Wako si Ndizi ya Kumenya

Subilaga,

Acha kuninunia kwa sababu ya kopo la krimu. Tangu juzi unapita mbele yangu kama unapita mbele ya mgomba, unaniwekea chakula bila neno, unaondoka. Mimi si mgomba. Kopo lile nililitupa chooni kwa mkono wangu mwenyewe, halikupotea, na ukileta lingine nitalitupa pia. Krimu gani inanuka kama dawa ya kufulia, umeipaka siku chache tu na shavu limeanza kuwa na rangi mbili? Umefika kidato cha sita, halafu unatumiwa kopo lisilo na jina na mtu usiyemjua, nawe unalipaka usoni. Ukikatazwa unasema bibi hajui.

Sijui mengi, kweli. Niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu utauona unavyopanda na kushuka. Lakini leo umekwenda Ibighi kusukwa, nyumba imetulia, mvua imekatika kidogo, na magoti yamenikatalia kwenda shambani. Basi nimekaa niandike yale ambayo tukianza kuyasema wewe unapandisha sauti na mimi napandisha yangu, mwisho hakuna aliyesikia kitu. Barua naiweka juu ya nguo zako kwenye begi. Isome leo hii. Sitakuambia ukifika Dar ule nini na urudi nyumbani saa ngapi. Hayo shangazi yako atakuambia mpaka uchoke.

Nataka tuongee habari ya jicho lako. Sisi hapa nyumbani tumezoea kusema jicho, ili tusiseme baka.

Ulizaliwa nalo. Bluu ya majivu, limeanzia kwenye kope la kushoto, likapanda mpaka kwenye paji, likashuka shavuni. Mkunga alidhani umegongwa wakati wa kutoka, akasema litaisha lenyewe. Halikuisha. Ulivyokua, nalo likakua. Shuleni wakakuita Ngumi. Wale vijana wa bodaboda pale njiapanda mpaka leo wanakuuliza, "Dada, nani kakupiga, tukamshughulikie?" Na wewe unacheka nao, unawajibu, "Mmechelewa, nimeshampiga mwenyewe." Ukifika nyumbani unakaa na kanga kichwani. Nilikuwa nakuona. Nilijifanya sioni kwa sababu sikuwa na la kukuambia.

Siku tuliyogombana ulisema, "Bibi, wewe hujawahi kutazamwa kama ninavyotazamwa mimi." Nikakujibu upuuzi, kwamba mimi nimelima mvua ikininyeshea mgongoni na sikulalamika. Mvua na uso wako vinahusiana nini. Ulisema kweli. Mtu akinitazama mimi anaona kizee cha Kisondela, anaendelea na njia yake. Wewe anakutazama, anageuka, anakutazama tena.

Kwa hiyo sikukatazi kuliondoa. Lielewe hilo, usiende Dar ukasema bibi alitaka nibaki hivi. Ninachokataa ni haraka, na hao watu wa urembo wa Dar, wenye mashine ya leza, waliokuahidi kwamba utaingia asubuhi na kutoka jioni ukiwa msafi. Unataka uanze chuo bila baka. Naelewa. Lakini chuo kitakuona miaka mitatu, na uso huo utakuwa nao mpaka uwe kizee kama mimi.

Kumbuka tulivyokwenda Mbeya kwa daktari wa ngozi. Yule kijana, kidevu bado laini, ameshika kitaa kidogo kama cha kutafutia chawa. Akaanza kukusemesha Kiingereza, na wewe ukawa unaitikia tu. Nikamwambia, "Baba, mwenye mtoto ni mimi. Sema Kiswahili."

Akacheka, akavuta kiti karibu. "Haya, bibi. Leza ni mwanga. Lakini mashine zake haziko namna moja, kila moja ina kazi yake."

"Kama majembe," nikasema.

"Kama majembe. Na mtu mwenye jembe moja atakuambia shamba lako linahitaji jembe hilo hilo."

Hayo uliyasikia. Lakini nadhani yaliyofuata hukuyasikia, maana ulikuwa umeshaanza kuchezea simu. Nakuandikia kama nilivyoyashika mimi.

Alisema rangi yako haiko juu. Imekwama chini, ndani ya ngozi, ndiyo maana sisi tunaiona bluu wakati yenyewe ni ya kahawia. Mashine ya kwanza inapiga mwanga mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwanga unapita ngozi ya juu bila kuichubua, unafika chini, unaivunja ile rangi vipande vidogo, halafu mwili wenyewe unaviondoa polepole kama unavyoondoa uchafu mwingine. Ukishapigwa unarudi nyumbani. Miezi inapita. Unarudi kupigwa tena, na tena. Na kwa ngozi nyeusi kama yetu wanachagua mwanga ule unaokwenda chini zaidi, wanaanza kwa nguvu ndogo, kwa sababu mashine haijui rangi ipi ni ya baka na ipi ni ya kwako ya kuzaliwa. Ukizidisha, inaondoa zote mbili, unabaki na doa jeupe.

Mashine ya pili, ya namna waliyo nayo hao wa urembo wako, inamenya. Inachoma ngozi ya juu, tabaka kwa tabaka. Alisema ina kazi zake nzuri, hata vinundu inaondoa, lakini kwa rangi iliyokaa chini kama yako ingebidi wamenye mpaka wafike huko.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu si ndizi." Ukaniminya mkono kwa aibu. Daktari hakuona aibu. Akasema, "Ndizi ukiimenya haioti ganda tena, bibi. Ngozi inaota, ila si lazima iote ile ile."

Nikamuuliza kama ile ya kwanza inaondoa lote. Akasema hawezi kuniahidi. Linaweza kufifia sana, kikabaki kivuli. Kwa wengine baada ya miaka linarudi kidogo. Na ile bluu iliyo ndani kwenye weupe wa jicho haiguswi kabisa. Kabla ya yote akataka upimwe presha ya macho, kwa sababu baka la namna yako wakati mwingine linaingilia jicho lenyewe, na siku ya kupigwa mwanga jicho lazima lifunikwe kwa kinga yake. Hata ukiamua kuliacha, alisema, kupima macho usiache. Uliwauliza hao wa urembo kama wana kinga ya jicho? Hukuuliza. Ulinionyesha kwenye simu picha ya dada mmoja mweupe, ana doa la kahawia pale juu juu, kama tone la chai, kisha doa halipo. Nikakuambia doa lake silo lako na ngozi yake siyo yako. Ukasema, "Picha ni picha, bibi."

Daktari aliyekataa kuniahidi ndiye ninayemwamini. Hao waliokuahidi kila kitu kabla ya kukuona siwaamini.

Ulipotoka kwenda kupimwa macho, nilibaki naye. Nikamuuliza neno ambalo nimelibeba tangu ulipozaliwa. Nikasema, "Baba, kitu hiki kinaletwa na nini? Mama akifanya kosa akiwa na mimba, kinatokea?"

Akasema, "Hapana, bibi. Ni chembe za rangi tu. Mtoto akiwa tumboni zinasafiri kwenda juu ya ngozi, nyingine zinakwama njiani. Hakuna aliyekosea."

Nikasema ndaga, baba, asante. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Uliponikuta ukauliza kama ninaumwa, nikasema ni magoti.

Unajua kwamba mama yako aliondoka hapa. Kila mtu Kisondela anajua nani alimwondoa. Lakini kwa nini, umesikia vipande vipande kwa watu, na vingine watu wameongeza chumvi. Nitakueleza mimi niliyekuwepo.

Ninyi wa siku hizi mnapeana mikono na baba mkwe, mnakaa naye sebuleni mnatazama taarifa ya habari. Siwalaumu. Enzi zetu, na mama yako aliyakuta hayo nyumbani kwangu kwa sababu mimi niliyashika, mke wa mtoto hakutani macho na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika kitenge, anampa mgongo mpaka apite. Jina lake halitaji. Ni heshima. Mimi nimefanya hivyo kwa baba yake babu yako mpaka alipokufa, sikuwahi kumwona sura vizuri. Na kwa sababu mimi niliweza, nilitaka kila mtu aweze.

Bupe alikuwa na mimba yako, imeshakuwa kubwa. Nilimtuma mimi ng'ambo ya kijito akakate ndizi. Wakati huo pale palikuwa na gogo tu la kuvukia, na mvua imenyesha, gogo linateleza. Amefika katikati, mkungu kichwani, tumbo mbele, babu yako akatokea upande wa pili akitoka kwa ng'ombe. Naye akaingia kwenye gogo, mawazo yake yako kwingine. Wakakutana uso kwa uso. Angegeuka vipi? Angejifunika kwa mkono upi?

Babu yako aliporudi nyumbani akaniambia, "Nimekutana na mkwe pale kwenye gogo. Alikuwa na mzigo. Usimseme."

Nikamsema. Na ulipozaliwa na baka, tena jichoni, nikamaliza maneno yote. Nikasema hilo ni jicho lililotazama lisipopaswa. Nikawaambia majirani, nikawaambia wamama wa kanisani wakati wa kumwagilia maji maua ya madhabahuni. Nikamtuma kwao akalete kuku wa kuomba radhi, katika matope yale, na mtoto mgongoni. Akamleta. Nikampokea kuku, sikumla, nikampa mtu mwingine mbele ya macho yake. Baba yako alikuwa Chunya machimboni, nikampelekea habari kwa mdomo wa watu, naye akaona afadhali abaki huko huko. Mama yako alivumilia mpaka ulipoacha kunyonya. Siku anaondoka alitaka kukuchukua, nikasimama mlangoni nikasema mtoto ni wa kwetu, wewe nenda na kuku wako.

Aliyepaswa kusubiri ng'ambo ni mzee, mwenye mikono mitupu. Hilo nililijua siku ile ile. Lakini kumsema mume wangu sikuweza, na kumsema mkwe kulikuwa rahisi. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Usidhani nimeyaandika haya ili unionee huruma. Yana kazi usoni kwako, ndiyo maana nimeyaandika. Sikiliza.

Kule Mbeya daktari aliuliza swali moja kubwa kuliko yote, na akaliuliza mara mbili. "Ngozi yake ikiumia, kovu linavimba? Linaota kuliko kidonda chenyewe?" Akatazama makovu ya miguuni, ya jembe na ya kuni. Akasema ya miguuni hayamwambii kitu, maana makovu ya namna hiyo hupenda kuota masikioni, begani, kifuani, kwenye taya. Masikio yako hayana tundu. Mimi ndiye niliyekataa, nikasema kanisani hawapendi. Basi akauliza, "Na katika familia?"

Nikajibu, "Kwetu hakuna." Akaandika hakuna.

Sikudanganya. Upande wetu hakuna. Lakini nusu yako haitoki kwetu.

Mama yako alipojifungua nilimkanda kwa maji ya moto mimi mwenyewe. Nimeiona ngozi yake. Begani, pale walipomchanja utotoni, palikuwa na kovu limevimba kama harage lililolowekwa, linang'aa. Masikioni alikuwa ameacha kuvaa hereni kwa sababu matundu yameota vinundu. Nakumbuka nilimwambia, "Ngozi yako ina kinyongo kama mwenyewe." Akasema, "Ndiyo, mama," akainama nimwagie maji.

Nilikumbuka yote hayo nikiwa nimekaa mbele ya daktari. Nikanyamaza. Ningemtaja, angeuliza yuko wapi. Ningesema Kawetele, angesema basi si mbali, nendeni mkamuulize. Na kweli si mbali. Miaka yote hii viazi vinatoka Kawetele, sare zako za shule zilitoka Kawetele, mimi navipokea mlangoni kutoka kwa mtu wa bodaboda nakuambia nimenunua. Kwenye misiba wewe na mama yako mnasalimiana kama watu waliokutana sokoni. Nilikuwa tayari uchomwe uso bila daktari kujua, kuliko nitaje jina la Bupe kwa heshima. Kiburi cha namna hiyo sikutaka kukiacha kiende na wewe Dar.

Sasa fikiri mwenyewe, gwe mwana, wewe ndiye uliyesoma. Kama ngozi yako ni ya baba yako, ile mashine ya kumenya ni mbaya. Kama ngozi yako ni ya mama yako, ni mbaya mara mbili, kwa sababu baka ni rangi tu, limelala, haliwashi, lakini kovu linaloota shavuni linawasha, linavuta kope, na hakuna poda ya kulificha. Hata ile mashine ya polepole, daktari akijua, ataanza na kipande kidogo pembeni, karibu na sikio pale nywele zinapofika, atasubiri miezi aone kilichotokea, ndipo aingie usoni. Asipojua anaweza kwenda kwa haraka zaidi. Ndiyo tofauti. Neno moja kutoka kwa mama yako.

Inawezekana utasubiri, ukaambiwa ngozi yako haifai hata kwa ile ya polepole, ukabaki nalo. Nimelifikiria hilo pia. Sina maneno matamu ya kukupa hapo. Utalia, na watu wataendelea kugeuka. Wala sitakuambia ni pambo au ni baraka, maana nawajua watu wanaosema hivyo, na hakuna hata mmoja wao anayelo. Ila utakuwa umechagua ukiwa unajua, na uso utakuwa mzima. Ukitaka baadaye kujaribu kitu kingine, utakuwa na uso wa kujaribia.

Na ukiamua, amua wewe. Usiamue kwa ajili ya vijana wa njiapanda, wala kwa ajili ya hao wa chuoni ambao hata hujawaona. Wala kwa ajili yangu. Mimi nikiamua mambo ya watu, unaona yanavyokuwa.

Mvua imeanza tena na mkono umechoka. Mbalaga nimekupikia, ndizi zake ni zile za nyuma ya nyumba, na maziwa nimetia mengi kama unavyopenda. Ukirudi ule, hata kama bado umenuna. Kununa hakuzuii kula.

Basi lako ni la jioni, kwa hiyo kesho asubuhi yote unayo. Hao wa urembo uwapigie leo hii kabla hujalala, uwaambie huji, wala usiwaeleze kwa nini. Kesho ukiamka usianze kufagia uwanja, nitafagia mimi. Chukua bodaboda mpaka mjini, kisha uende Kawetele. Uliza nyumba ya mama Subilaga. Ndivyo wanavyomwita huko, hawamwiti kwa watoto aliowazaa baadaye. Mwambie bibi amenituma. Mwombe afunue bega, ulitazame kovu vizuri, ulipige picha na hiyo simu yako, na masikio pia, umpelekee daktari wa ngozi utakayemwona hospitalini Dar, umwambie kule Mbeya bibi alisema hakuna na bibi hakumaliza kusema.

Ukishamaliza kupiga picha, nipigie mimi. Halafu mpe mama yako simu. Akikataa kuishika, mwekee sikioni, na usikate mpaka nimalize.